Nilivyoacha Kutembea Siku za Jumapili

Bwana asifiwe, wapendwa, na asifiwe pia na wale watatu walioniambia nisiandike haya.

Naitwa Everlyne. Wengi wenu mnanijua kama Mama Shiru, yule wa kiti cha magurudumu anayekaa upande wa kinamama hapa kanisani kwetu Kangemi. Mchungaji amenipa nafasi katika jarida letu nitoe ushuhuda. Nilimwambia nitaandika wote ama sitaandika hata mstari mmoja, kwa sababu ushuhuda nusu ndio ulioniingiza kwa shida. Alikohoa kidogo, akasema andika.

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira, na sitaificha ndio nionekane mtakatifu. Lakini naandika pia nikiwa na mapenzi mengi kwa mama yangu, ambaye ameshasomewa kila neno. Pale aliponiambia toa, nilitoa. Pale alipocheka, niliacha.

Nilianguka nikiwa kidato cha pili. Shule yetu ilikuwa na tangi la maji juu ya mnara wa chuma, na kila asubuhi msichana wa zamu alipanda kuangalia kama maji yamejaa. Zamu ilikuwa yangu, na ngazi ilikuwa na umande. Nilipopata fahamu hospitalini, mguu wa kulia ulikuwa umekufa kabisa na wa kushoto ulikuwa unasikia kidogo tu. Uti wa mgongo. Madaktari walisema hivyo ndivyo nitakavyokaa. Nikivaa vyuma vya miguu na kushika kitu, naweza kusimama. Nikiachilia, nasimama kwa muda wa kusema "Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe", halafu naanguka. Hizo sekunde chache ndizo zilizoleta balaa yote mtakayosoma hapa.

Mama yangu alitoka Vihiga akiwa msichana akaja Nairobi kufanya kazi za nyumba, na sasa anauza chai na mandazi kwa mafundi wa mijengo huko Kilimani. Alinilea peke yake. Mtihani wa kidato cha nne niliufanyia orofa ya pili, na shule haikuwa na lifti. Mama alinibeba mgongoni kila asubuhi, mimi msichana mzima, wenzangu wakiangalia. Nililia kwa aibu. Aliniambia, "Wewe ni mwepesi. Kilicho kizito ni huo mdomo wako."

Huyo ndiye mama yangu. Na huyo mama alitaka nitembee kuliko alivyotaka kitu kingine chochote duniani. Kila mtumishi wa Mungu aliyepita Kangemi aliletwa kwetu, ama mimi nikapelekwa kwake. Nimepakwa mafuta ya kila aina isipokuwa ya taa. Mmoja aliniambia imani yangu ni ndogo, mwingine akasema kuna mtu kwa ukoo amefunga miguu yangu kwa kamba za kiroho. Mimi nilikuwa nasema amina na kurudi nyumbani kwa kiti kile kile.

Sasa niwaambie vile Mungu alinijibu, kwa njia ambayo hakuna aliyekuwa ameiomba.

Nilikuwa naenda mazoezi ya viungo katika hospitali moja huko Parklands. Aliyekuwa akininyoosha miguu ni mzee mmoja Mhindi, mzaliwa wa hapo hapo Parklands, tunamwita Kocha Kanti. Siku za Jumamosi mzee huyu alikuwa anaendesha mashua za tanga kwenye bwawa moja kule mbele ya Dagoretti. Siku moja aliangalia mikono yangu, ambayo imekomaa kwa kusukuma kiti kupanda mlima wa kwetu, akaniuliza kama naogopa maji. Nikamwambia maji siyaogopi, naogopa ngazi. Akacheka mpaka akavua miwani.

Mashua ya mashindano yetu ni ndogo, ya mtu mmoja. Haina injini. Unaketi ndani ukiangalia mbele, chini kuna chuma kizito kinachoizuia kupinduka, na kila kitu kinafanywa kwa mikono: usukani mkono mmoja, kamba ya tanga mkono mwingine. Miguu inakaa ndani huko, haina kazi. Kocha alinifunga jaketi la kuelea, akanisukuma kutoka ukingoni, akaniacha. Tanga likajaa upepo. Ndugu zangu! Tangu nianguke sikuwa nimewahi kwenda mahali popote bila kubebwa, kusukumwa, kujisukuma ama kutetemeka juu ya magongo. Siku hiyo nilienda. Na nilipoangalia wenzangu wote wenye miguu yao mizuri, kila mmoja wao alikuwa ameketi.

Kangemi walinicheka. Baharia wa Kangemi! Bahari iko wapi? Jirani mmoja aliniuliza kama ninafanyia mazoezi kwenye mtaro wa maji taka. Niliwaacha wacheke. Mwaka wa kwanza nilikuwa wa mwisho katika kila shindano, mwaka wa pili nikaanza kuacha wengine nyuma, na wa tatu nikaenda Mombasa kwa mashindano ya taifa nikashinda mabaharia wote wenye ulemavu, na baadhi ya wasio na ulemavu, ambao hawakufurahi. Nikashindana Uganda ziwani. Nikajifunza kusoma upepo juu ya maji kabla haujanifikia: mahali maji yanapogeuka meusi, hapo ndipo unapoelekeza mashua.

Hata bwana nilimpata hapo. Baba Shiru anafanya kazi kwa duka la uchapishaji River Road, na alitumwa kubandika nambari kwenye tanga langu. Aliibandika juu chini. Nilimsema vibaya sana. Alirudi Jumamosi iliyofuata kuirekebisha, na Jumamosi ya baadaye kuangalia kama imeshika, na nyingine kuhakikisha. Nambari ile ilishika siku ya kwanza.

Tulipata msichana wetu, tukampa jina la mama yake Baba Shiru, vile Wakikuyu hufanya. Alipofika miezi mitano nilirudi majini. Nilikuwa nikitoka mashuani maziwa yamelowesha jaketi, Mama ananingoja ukingoni na mtoto analia. Alikuwa ananiambia, "Mtu mzima na mtoto, unacheza na maji." Lakini alikuja kila Jumamosi, na chai yake kwenye chupa, na akiona mashua nyingine inanikaribia alikuwa anasema kwa Kiluhya maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa jarida la kanisa.

Mwaka huo nilichaguliwa kwenda nje ya nchi kushindana na mabaharia wenye ulemavu wa dunia nzima. Mwanamke mmoja tu kutoka Kenya, naye ni mimi. Kulikuwa na jambo moja tu lililobaki. Kabla ya kushindana, lazima ukaguliwe na jopo la wataalamu. Wanapima nguvu za mikono, za mgongo, za miguu, kisha wanakupangia daraja, ili anayeshindana nawe awe na hali kama yako. Bila daraja hushindani. Na ukipatikana umedanganya kuhusu ulemavu wako, unafungiwa nje kabisa.

Wiki sita kabla ya ukaguzi, kanisa letu lilikuwa na mkutano wa siku tatu. Mnaukumbuka. Mtumishi mgeni, hema kubwa, vumbi la mbao chini. Siku ya tatu nilikuja kwa magongo, na vyuma vyangu ndani ya sketi ndefu, kwa sababu nilitaka kusimama na kwaya nikishikilia kiti. Mtumishi aliniona na magongo akaniita mbele. Wasimamizi wawili wakanishika makwapani. Akachukua magongo, akayatupa. Akawaambia waniachilie.

Nikasimama. Hema lote likapiga kelele. Niliangalia chini nikamwona mama yangu amepiga magoti kwenye lile vumbi, Shiru amefungwa mgongoni, mikono juu, uso umelowa. Mtumishi akaniwekea kipaza sauti mdomoni akasema, "Waambie Mungu amekutendea nini."

Ndugu zangu, nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja la kweli. Neno la kweli lilikuwa "Nishikeni". Nikamwangalia Mama, nikasema, "Nimepona."

Kisha nikaanguka. Na mnajua vile sisi hufanya mtu akianguka mbele ya madhabahu. Hakuna aliyefikiria kwamba nimeanguka kwa sababu siwezi kusimama. Walisema ni nguvu za Roho. Walinilaza vizuri, wakanifunika miguu kwa kitenge, wakaendelea kuimba. Nililala pale chini ya kitenge nikisikia watu wakimsifu Mungu kwa ajili ya miguu yangu, na kiwiko kinaniuma.

Kuna aliyepiga picha katika zile sekunde nilizosimama. Kamati ikaamua itengenezwe karatasi ya kugawa. Picha yangu, mikono imenyooka, na maandishi makubwa: ALIINGIA KWA MAGONGO, AKATOKA KWA MIGUU. Na unajua ilichapishwa wapi? River Road, kwa duka la kina Baba Shiru. Mwanamume ambaye kila jioni ndiye ananifungua vile vyuma, ndiye alisimama kwenye mashine akitoa zile karatasi! Nilipomuuliza alifikiria nini, alisema, "Picha ilikuwa nzuri. Ulikuwa umependeza." Nilitaka kumrushia sufuria, na nilitaka kumbusu. Nilimrushia kitambaa.

Basi nikaanza kutembea siku za Jumapili. Nilikuwa naacha kiti kwa jirani wa kona, navaa vyuma, namshika Baba Shiru mkono wa kulia na Mama wa kushoto, na tunaingia kanisani polepole kama maharusi. Watu walikuwa wanapiga makofi. Nikiketi, sikuinuka tena mpaka wote watoke. Jumatatu mpaka Jumamosi nilikuwa kwa kiti. Mama aliona haya yote kwa macho yake. Aliniambia uponyaji unakuja pole pole, kazi yangu ni kuukiri.

Mguu wangu wa kulia hausikii uchungu, kwa hivyo sikujua vyuma vimenichuna. Ni Kocha aliyeona damu ndani ya mashua. Aliniuliza nimefanya nini. Nilimdanganya hata yeye. Nikamwambia ni kiatu kipya.

Siku ya ukaguzi tulienda Parklands, Mama akiwa amembeba Shiru. Jopo lilikuwa la watu watatu, na mkubwa wao alikuwa daktari mmoja mama, mpole, anauliza jambo mara moja tu. Walinilaza kitandani wakanipima. Sukuma, vuta, inua, geuka. Waliangalia eksrei zangu. Kila kitu kilienda sawa. Daktari akatoka nje kidogo kuchukua fomu.

Nje kulikuwa na Mama.

Wapendwa, mama yangu hakuwa na ubaya wowote. Alimwona daktari, akafikiria hawa ndio watu wanaoamua kama binti yake atapanda ndege, na akaona vizuri wajue ni mtu wa aina gani. Mtu aliyeguswa na Mungu! Alifungua begi, akatoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne, akampa. Akamweleza kwa furaha kwamba huyu mtoto alikuwa hatembei, na sasa kila Jumapili anatembea, kanisa zima ni mashahidi.

Daktari alirudi na karatasi mkononi. Aliiweka kitandani kando ya mguu wangu. Akasema, "Everlyne, nataka uniambie lipi ndilo la kweli, hili tulilopima ama hili la karatasi."

Nilishindwa kuongea. Mimi, na huo mdomo wangu wote.

Waliandika kwamba hawawezi kunipa daraja. Vipimo vilisema jambo moja, na kanisa zima lilikuwa linasema jingine, na huko Ulaya palikuwa pameshatokea watu waliojifanya walemavu wapate medali. Walinipa wiki mbili. Niwaletee wale waliosema nimepona, waeleze. La sivyo jina langu litapelekwa mbele kama mdanganyifu, na hapo si shindano moja ningepoteza, ni maji yote.

Hasira niliyokuwa nayo tukitoka pale sijawahi kuwa nayo tena na naomba nisiwe nayo. Nilimwambia mama yangu pale pale kwenye maegesho ya hospitali, watu wakipita, "Lile tangi halikunimaliza. Wewe ndiye umenimaliza."

Mama alimfunga Shiru vizuri mgongoni, akashika mishikio ya kiti changu, akanisukuma mpaka barabarani. Hatukuongea siku nne.

Nilimwendea Mchungaji. Hapa najua anasoma, na ameniruhusu. Nilimwomba aniandikie barua kwamba mimi sijapona. Alishika kichwa. Akaniambia siku ile watu wengi waliokoka kwa sababu ya kuniona nimesimama, sasa akiandika hivyo atawaambia nini? Akasema anaweza kuandika kwamba nilipokea uponyaji wa rohoni. Nikamwambia wale madaktari hawana mashine ya kupima hiyo. Hakucheka, na mimi sikuwa nafanya mzaha. Niliondoka.

Baba Shiru alienda kwa jopo peke yake akaeleza kwamba ni yeye aliyechapisha. Walimshukuru, wakamwambia mchapishaji si shahidi. Alirudi nyumbani akaketi kitandani na viatu.

Nilimpigia Kocha nikamwambia nafasi yangu ampe mtu mwingine. Ndipo nikamwambia yote, hema, kitenge, vidonda, kila kitu. Nilidhani atanifokea. Alisema tu, "Jumamosi kuna upepo mzuri. Njoo hata kama huendi popote."

Siku ya tano Mama alikuja kwangu. Hakubisha hodi. Aliketi, akamchukua Shiru mapajani, akaniuliza wale madaktari wanafungua saa ngapi.

Nilimwuliza anataka kuwaambia nini. Akasema hayo atayajua akifika.

Ilikuwa Ijumaa. Alivaa sare yake ya umoja wa kinamama, ile nyeupe na kitambaa cha kichwa. Tuliingia kwa yule daktari, wale wengine wawili wakaitwa. Daktari alimwuliza kwa upole, "Mama, kama hatembei, kwa nini ulinipa ile karatasi?"

Mama alisimama. Aliambiwa aketi, akakataa.

"Daktari, miaka tisa mimi ndiye ninamgeuza huyu kitandani," alisema. "Ninajua mguu wake vile unajua kalamu yako. Hatembei. Nilisema anatembea kwa sababu nilitaka atembee. Niliona nikisema mara nyingi, mbele ya watu wengi, Mungu ataona aibu kunikatalia."

Akaonyesha ile fomu kwa kidole.

"Andika. Andika mama yake amesema hatembei. Na uandike ni msichana mzuri."

Ndugu zangu, mnataka kujua nilifunguliwa siku gani? Ni siku hiyo, ndani ya kile chumba chenye harufu ya dawa, bila kipaza sauti. Mama yangu, ambaye akimtaja Mungu hujua kusema makubwa tu, alisimama mbele ya watu wasiomjua akaachilia jambo alilolitaka kuliko yote, ili mimi nipate langu. Na mimi je? Ni nani alisema "nimepona"? Si Mama. Si kamati. Si Baba Shiru na mashine yake. Nilikuwa nimewakasirikia wote wiki nzima ili nisijikasirikie mwenyewe. Nikamwambia daktari na mimi aniandike. Niliwaambia nilisimama, nikajua naanguka, na nikasema nimepona kwa sababu mama yangu alikuwa amepiga magoti. Nilitia sahihi. Kitu kilichokuwa kimekaa kifuani tangu siku ya lile hema kilitoka. Nililia kwa sauti mbaya, Shiru naye akalia kunisaidia.

Walituambia tungoje majibu. Tulitoka tukaenda kununua bhajia hapo Parklands. Sasa, tangu mwaka ule nilioanguka Mama alikuwa hali chochote siku ya Ijumaa mpaka jioni, na alikuwa hajawahi kuniambia anaomba nini. Nilijua, lakini hatukuwahi kulitaja. Ilikuwa saa saba mchana. Akachukua bhajia. Nikamwambia, Mama, si leo ni Ijumaa?

Alitafuna kwanza. Akasema, "Hiyo kesi nimeifunga. Nipitishie ukwaju."

Daraja langu lilitoka wiki iliyofuata. Nikapanda ndege.

Sitawadanganya kwamba nilirudi na dhahabu. Sasa sidanganyi tena! Ziwa la huko lilikuwa baridi mpaka vidole vinakataa kushika kamba, na wanawake wale wamefanya mambo haya tangu utotoni, na makocha watatu kila mmoja. Siku ya kwanza nilikuwa karibu na mkia. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya mwisho upepo uligeuka, ukaanza kuja vipande vipande kama ule wa bwawa letu la Dagoretti, ambao hujui unatoka wapi. Wote walichanganyikiwa. Mimi nikajisikia nyumbani. Niliomba maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kuomba: Baba, leo sitaki miguu, nataka upepo. Nikaona maji yamegeuka meusi upande wa kushoto, ambako hakuna aliyekuwa ameenda, nikageuza mashua peke yangu nikaenda huko. Nilizunguka boya la mwisho nikiwa wa tatu, na wa tatu nikamaliza. Kwa jumla ya siku zote nilikuwa wa saba kati ya mashua kumi na tisa. Mwanamke kutoka Kangemi!

Mama alikuwa anaangalia kwa simu ya fundi mmoja huko Kilimani, mafundi wote wamezunguka chai imepoa. Alishangilia kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nilipompigia nikagundua mashua aliyokuwa anashangilia ilikuwa ya Mholanzi. Nilipomwambia, alisema huyo Mholanzi pia ana mama.

Ijumaa iliyofuata alianza kufunga tena. Nilishtuka. Akaniambia nitulie, sasa anaombea vidole vyangu visipate baridi.

Niliporudi niliingia kanisani kwa mlango wa katikati, juu ya kiti changu. Mchungaji alisimama, akatembea mpaka kwenye ubao wa matangazo, akaibandua ile karatasi mwenyewe, na akasema mbele yenu wote kwamba alichelewa. Nampenda kwa hilo. Wengine walitoka. Dada mmoja aliniambia nimemwaibisha Mungu. Nilimjibu kwamba Mungu aliniona nikiwa chini ya kitenge na hakukimbia.

Lakini hasira yangu iliyobaki, ile ninayoandika nayo leo, inatoka kwa jambo lililofanyika baada ya ibada. Mama mmoja, sitamtaja, alinifuata nje akaniambia kwa sauti ndogo kwamba alikuwa ameacha kumpa mtoto wake dawa za kifafa. Aliona karatasi yangu akasema kama Mungu alimfanyia Mama Shiru, dawa ni kukosa imani. Mtoto alikuwa ameanguka mara mbili wiki hiyo. Ndugu zangu, zile sekunde zangu chache zilifika mpaka kwa kitanda cha mtoto wa mtu! Tulienda na huyo mama Jumatatu kuchukua dawa. Mtoto anaendelea vizuri, na anaombewa pia, na hayo mawili hayajagombana.

Namshukuru Mungu kwa mama yangu, aliyenibeba ngazini na akanibeba mara ya pili ndani ya chumba cha daktari. Namshukuru kwa Baba Shiru, ambaye bado anasema ile picha ilikuwa nzuri. Namshukuru kwa Kocha. Nimechaguliwa tena mwaka huu, na daraja langu linasimama vile lilivyoandikwa, na nitashindana nikijua hakuna karatasi yoyote mahali popote inayosema mimi ni mtu mwingine.

Na wewe unayesoma, kama unamtaka Mungu, njoo kwake vile ulivyo siku ya Jumatatu. Kama kuna jambo ulilisema mbele ya kanisa na halikuwa kweli, umepona na hujapona, umesamehe na hujasamehe, nyumbani kuna amani na hakuna, yeye analijua tayari, humpi habari mpya. Mtegemee. Endelea na dawa zako. Halafu njoo useme. Ukiogopa kuwa mbele peke yako, niambie, nitakuja niketi nawe. Usinitafutie mahali pa kukaa. Mimi huja na kiti changu.